Programu ya afya ya simu inamwokolea mgonjwa shilingi ngapi? Hesabu ya Nansio na Igogo

Bei zote ni za mfano. Weka za kwako.

1. Amua unahesabu mfuko wa nani. Hapa ni wa mgonjwa. Ada anayolipiwa na NHIF (bima ya afya ya taifa) isiingie.

2. Pata gharama ya hudhurio moja la kliniki. Mgonjwa wa presha anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja Mwanza mjini: kivuko na bodaboda kwenda na kurudi 24,000, chakula 6,000, kulala 15,000, siku 2 za kazi 20,000. Jumla 65,000. Wa Igogo, hapohapo jijini Mwanza: daladala 1,500, nusu siku ya kazi 5,000, jumla 6,500.

Siku ya kazi ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hukaa nchi kavu, kwa hiyo kliniki ya siku hizo huenda isimkoseshe hata senti. Muulize alikosa nini siku ile hasa, usigawe pato la mwezi kwa 30. Msindikizaji naye ana nauli yake na siku yake.

3. Hesabu mahudhurio yaliyopungua kwa sababu ya programu. Tumia daftari la kliniki, si kumbukumbu ya mgonjwa. Linganisha na wagonjwa wa kliniki hiyohiyo wasiotumia programu. Ukimlinganisha mtu na mwaka wake uliopita utadanganyika: wengi hujiunga presha ikiwa juu, na ikishatulia mahudhurio hupungua yenyewe. Tuseme wasiotumia huja mara 12 kwa mwaka, wanaotumia mara 8.

4. Toa gharama za programu. Bando 3,000 kwa mwezi ni 36,000 kwa mwaka. Simujanja ya 240,000 ikidumu miaka 3 ni 80,000 kwa mwaka. Ibebeshe programu robo, 20,000 (robo ni nyingi, lakini afadhali kuipunja faida kuliko kuipamba). Jumla 56,000.

Nansio: 4 × 65,000 − 56,000 = faida 204,000.
Igogo: 4 × 6,500 − 56,000 = hasara 30,000.

Ukichanganya hawa wawili kwenye wastani mmoja wa mkoa, umepata namba isiyomhusu yeyote.

5. Ingiza walioacha. Wakijiunga 100 wa Nansio na 40 tu wakaendelea mwaka mzima, wengine wakaacha mapema bila gharama wala faida, kila aliyejiunga anabaki na 81,600. Idadi ya waliopakua haisemi lolote.

6. Tikisa makadirio. Yakiepukwa mahudhurio 2 badala ya 4, Nansio hushuka hadi 74,000 kwa anayeendelea, 29,600 kwa kila aliyejiunga. Igogo, hata yakiepukwa 8, bado ni hasara ya 4,000. Kama mgonjwa angekuwa na simujanja hata bila programu, futa ile 20,000. Hapo Igogo hulipa kuanzia mahudhurio 6 yaliyoepukwa.