Databesi imerudi ila apu mbili hazikubaliani, fanya hivi

Tuseme una apu mbili zinazopeana data, moja inapokea oda na nyingine inashika malipo, kila moja na databesi yake, afu asubuhi ile ya oda ikaanguka ukairudisha kwa bakapu (nakala ya akiba) ya saa 8 usiku. Ya malipo haikuguswa. Yaani sasa malipo inakumbuka oda ambazo mwenzake kazisahau, na wengi wakiona apu imewaka tu wanafungua. Subiri kwanza.

Hatua ya 1. Zima uandishi wa data pande zote, pamoja na foleni za meseji (ujumbe ambao apu zinatumiana) na skripti zinazojiendesha zenyewe, hizo ndo zinasahaulika na zinaendelea kuchafua wakati wewe unasafisha.

Hatua ya 2. Kopi kila kitu kilivyo, hata databesi iliyoharibika na logi zake (kumbukumbu za kilichotokea), usifute chochote. Kama databesi yako ni PostgreSQL na ulikuwa unahifadhi faili za WAL (zinazoandika kila badiliko), bakapu ikiwa ya faili zenyewe na si ya pg_dump, unaweza kuisogeza mbele hadi karibu na ajali kwa mpangilio wa recovery_target_time, kwa MySQL ni programu ya mysqlbinlog, kama binlog (logi ya mabadiliko) ilikuwa imewashwa. Kila dakika unayookoa hapa ni kazi ya mkono inayopungua huko mbele.

Hatua ya 3, hii soma mara mbili jamani. Namba za ID, yaani namba ya kila oda! Databesi iliyorudi inadhani oda ya mwisho ni 5000 kumbe malipo imeshafika 5140, ukifungua mteja mpya anapewa 5001 na malipo inasema kashalipa, kwa hela ya mtu mwingine. Mi nimeshakutana nayo, tulikaa siku mbili tunatenganisha rekodi za watu na wenyewe wanapiga simu. Ruka mbali kabisa, anzia 6000, kwa amri ya setval kama ni PostgreSQL au kwa kubadili AUTO_INCREMENT (namba inayofuata) kama ni MySQL. Pengo kwenye namba halimuumizi mtu.

Hatua ya 4. Toa orodha ya ID pande zote kuanzia kabla kidogo ya saa ya bakapu, hakikisha saa zote ziko UTC (saa moja ya dunia nzima), ugawe mafungu matatu: zilizo huku tu, zilizo kule tu, na zilizo kote ila hazifanani. Usiupe upande mmoja haki ya kila kitu, amua safu kwa safu, kiasi kilicholipwa kinatoka malipo, bidhaa zinatoka oda. Zile 140 zilizopotea, malipo inajua nani kalipa na kiasi gani ila haijui kaagiza nini, hapo chimba logi za seva na barua pepe za uthibitisho, ukikosa muulize mteja mwenyewe, usibuni.

Hatua ya 5. Skripti ya marekebisho ijaribu kwenye kopi kwanza, ndani ya muamala mmoja kwa kila databesi (yote yaingie au yasiingie kabisa), SMS na barua pepe zikiwa zimezimwa watu wasipokee risiti mara ya pili. Afu iendeshe tena, safari hii isibadilishe hata rekodi moja, ikibadilisha ina kasoro.

Hatua ya 6. Fungua kusoma tu, linganisha tena, mafungu yote matatu yakiwa tupu ndo unaruhusu kuandika, na ule ulinganisho uache unajirudia kila saa kwa siku kadhaa.