Kuhama Kabla ya Mkataba Kuisha Bila Kuacha Dipoziti Nyuma: Maelezo ya Ajenti wa Nairobi

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu hapa Nairobi. Nakusanya kodi, napokea notisi, na mpangaji akihama ni mimi ninayepiga hesabu ya dipoziti yake. Kwa hivyo najua pesa hupotelea wapi. Mara nyingi huwa zimeshapotea wiki kadhaa kabla lori halijafika, pale mpangaji alipomwambia msimamizi wa ploti kwa mdomo kwamba mwisho wa mwezi anaondoka, akadhani ametoa notisi.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye mkataba wa aina gani

Ikiwa unalipa mwezi kwa mwezi bila muda maalum, mambo ni mepesi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja.

Ukiwa umetia sahihi mkataba wa mwaka, tafuta kifungu kinachoruhusu kuuvunja. Kipo? Kifuate neno kwa neno. Hakipo? Mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi iliyobaki, basi hapo itabidi mzungumze. Usianze na shida zako. Anza na hofu yake, ambayo ni nyumba kukaa tupu, hasa Januari watu wakiwa mbioni na karo. Mletee mpangaji mwingine, aione nyumba ungali ndani na ikiwa safi. Nimeona wenye nyumba wagumu wakilegea siku hiyo hiyo. Mkikubaliana, iandikwe kwamba hatadai kodi ya miezi iliyobaki, na kwamba dipoziti yako itarudi.

Hatua ya 2: Toa notisi kwa maandishi

Itoe kabla ya tarehe 1. Ukileta tarehe 3, ajenti wengi wataanza kuhesabu mwezi unaofuata, nawe utalipa kodi ya nyumba usiyolala. Maneno machache yanatosha:

*“Mimi, mpangaji wa nyumba namba B4, natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia tarehe 1 Juni. Nitakabidhi funguo tarehe 30 Juni. Naomba tukague nyumba pamoja siku hiyo, na dipoziti ya shilingi 18,000 irudishwe kwa namba yangu ya M-Pesa.”*

Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri au itiwe sahihi. Kisha piga picha uitume pia kwa WhatsApp. Msimamizi anaweza kuacha kazi kesho, na karatasi ikaondoka naye.

Hatua ya 3: Usiile dipoziti kimyakimya

Hili ndilo jambo linaloniletea ugomvi mwingi. Mpangaji haamini kwamba atarudishiwa, basi mwezi wa mwisho halipi kodi, anasema “kateni kwa dipoziti”. Namwelewa kabisa. Lakini mikataba mingi inakataza, na ukishafanya hivyo wewe ndiye mwenye deni: unaweza kuzuiwa kutoa vitu langoni, na kila msumari ukutani utahesabiwa. Ukitaka njia hiyo, iombe kwa maandishi. Wako wanaokubali.

Hatua ya 4: Rangi, bili na ukaguzi

Rangi ndiyo humeza dipoziti. Ukuta uliofifia kwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida. Michoro ya mtoto ni juu yako. Mkataba ukisema lazima upake upya, tafuta fundi wako mwenyewe na uulize mapema ni rangi ipi. Fundi wa mwenye nyumba karibu kila mara ni ghali zaidi, na sisi maajenti tunajua kwa nini.

Rudisha balbu, tengeneza kitasa na sinki, lipa maji, piga picha ya mita. Ukague nyumba ikiwa tupu, mkiwa wawili, mwandike kila kasoro na bei yake kabla hujatoa funguo.

Hatua ya 5: Wakikaa kimya

Andika barua ya madai, uwape siku 14. Zikiisha, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. (Baraza la kodi za nyumba ni la zile zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500, kwa hivyo wengi wetu halituhusu.)

Beba mkataba, notisi, picha na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha siku uliyolipa dipoziti. Kabla ya kujaza fomu, linganisha jina lililo kwenye mkataba na lile lililopokea pesa. Yakitofautiana, yataje yote mawili kwenye madai, la sivyo kila mmoja atasema pesa ziko kwa mwenzake.