Mwanga wa asubuhi kwa anayeshinda dukani

Kisumu jua si haba. Mwaka mzima linachomoza muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi na kuzama muda mfupi kabla ya saa moja jioni. Lakini anayeuza katika duka la ndani, soko la Kibuye, nyuma ya nondo na magunia, huenda akapata luksi (kipimo cha mwanga) 100 au 200 tu kutwa nzima, ilhali nje, hata mawingu ya Aprili yakitanda, zipo maelfu. Jicho hulizoea giza hilo, kwa hiyo hutagundua. Saa ya mwili, ile inayopanga usingizi na kuamka, inagundua. Kwa watu wengi mzunguko wake unapita saa 24 kidogo, na bila mwanga wa asubuhi wa kuirekebisha, usingizi unachelewa kila siku. Kufika saa nne asubuhi, uchovu umeshageuka hasira, na mteja aliyeleta noti ya elfu moja kununua kiberiti anafokewa bure.

Kila siku, ndani ya saa moja baada ya kuamka na kukishakucha, kaa nje dakika 20 hadi 30. Kukiwa na mawingu mazito, 45. Jua lenyewe usilikodolee macho. Kivuli cha mwembe kinafaa, mradi anga unaliona. Chai inywewe hapo hapo, miwani myeusi ikae mfukoni. Ndani ya matatu yenye vioo vya giza hakuhesabiki, basi shuka steji moja kabla utembee. Dukani, sogeza kiti mlangoni; ukiingia ndani mita tatu tu, mwanga umeshapungua mno.

Kuanzia saa mbili usiku, punguza mwanga. Soma namba ya rangi ya mwanga kwenye boksi la balbu: 6500K ni nyeupe ya kuchoma, iache jikoni, chumbani weka 2700K, ya njano. Simu ififishwe.

Wengi hukwama wikendi: mechi ya Ulaya hadi usiku wa manane, kisha kulala hadi saa nne, na kazi ya wiki nzima imerudi nyuma.

Anayezinduka saa tisa usiku asipate tena usingizi afanye kinyume: mwanga wake autafute saa kumi na moja jioni, maana wa alfajiri utazidi kumwamsha mapema. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka amwone daktari kwanza, kwani mwanga mkali unaweza kumpandisha kupita kiasi. Na huzuni ikidumu wiki mbili, hospitali.