Kupima tabaka la juu la bahari kwa glaida: namna ya kupanga safari

Glaida ni chombo cha chini ya maji chenye urefu wa mita mbili hivi, kisichobeba mtu na kisichosukumwa na rafadha. Pampu yake hutoa mafuta ndani ya mwili na kuyapeleka kwenye mfuko wa mpira ulio nje, chombo kikaongezeka ujazo bila kuongezeka uzito, kikaelea. Mafuta yakirudi ndani kinazama, na mabawa hugeuza kupanda na kushuka huko kuwa mwendo wa mbele. Mwendo wenyewe ni wa polepole mno, takribani sentimita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 20 hivi kwa siku, na mipango yote ya safari huanzia kwenye tarakimu hiyo.

Kwa hiyo chunguza mkondo kabla ya kuchagua vipimo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini, huweza kuzidi mita 1 kwa sekunde wakati wa kusi, mara nne ya mwendo wa glaida, na anayekusudia kupima kutoka Pemba kushuka hadi Mafia atajikuta chombo chake kinaelekea Kenya. Ukate mkondo badala ya kushindana nao: kishushe chombo upande wa kusini, ukielekeze bahari kuu, kubali kwamba kitasukumwa, na uandae boti ya kukipokea kaskazini zaidi. Kama swali lako la utafiti haliuhusu msimu wa kusi, ni afadhali kusubiri kaskazi, mkondo unapopungua nguvu. Penye mkondo mpole mambo ni tofauti kabisa: nje ya California, taasisi ya utafiti wa bahari ya Scripps imekuwa ikipitisha glaida katika mistari ileile tangu katikati ya miaka ya 2000, na ni kurudia huko kulikowezesha joto lisilo la kawaida la 2014 hadi 2016 kulinganishwa na miaka iliyotangulia, kina kwa kina.

Kazi inayofuata, ambayo wageni wengi huidharau, ni kusawazisha uzito. Kwa chombo cha kilo 50, tofauti ya densiti, yaani uzito wa maji kwa ujazo wake, ya sehemu moja kwa elfu ni sawa na gramu 50, na maji ya juu ya tropiki, yenye joto la nyuzi 28, ni mepesi kuliko ya chini kwa sehemu kadhaa kwa elfu. Chombo kilichosawazishwa kwa maji mazito kitashindwa kuinua antena juu ya maji mepesi, hasa karibu na mdomo wa mto mkubwa kama Rufiji. Pata vipimo vya joto na chumvi vya eneo lako, kisha fanya hesabu hiyo tangini kabla ya kwenda baharini.

Siku ya kushusha, jaribu mbizi fupi za mita chache, soma taarifa zinazokuja kwa setilaiti, ndipo uruhusu mbizi ndefu. Anayechunguza tabaka la juu hahitaji mita 1000. Mita 200 au 300 humpa mistari ya vipimo iliyokaribiana zaidi. Penye wavuvi wengi, panga mbizi kadhaa mfululizo kabla ya kuibuka, maana juu ya maji ndiko chombo hugongwa au kuokotwa, ingawa kila uibukaji unaoupunguza unakunyima kipimo cha mkondo, ambao hukokotolewa kwa kulinganisha mahali dira ilipotabiri na mahali GPS inapoonyesha. Kasi ya kupanda ikibadilika bila sababu, huenda mwani au samaki aina ya chazo wamejishikiza.

Data zikifika, linganisha mstari wa kushuka na wa kupanda. Kuta za kifaa cha kupimia chumvi hubaki na joto kwa muda, hivyo panapobadilika joto ghafla chumvi huonekana imeruka, na kosa hilo lazima lirekebishwe kabla ya kukokotoa densiti. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, ya karibu na uso wa maji nayo hupungua kwenye kipimo mchana wa jua kali hata kama mimea midogo haijapungua, kwa hiyo tumia mbizi za usiku kuwa rejea.