Kabla hujapima asidi na besi za jikoni kwako

Mchuzi wa manjano ukidondokea kitambaa cheupe huacha doa la njano. Lisugue kwa sabuni ya mche, linageuka jekundu kama kutu; kamulia ndimu, unjano unarudi. Akina mama wa Mikindani wameliona hilo miaka yote wakifua, na hapo walikuwa wanapima asidi (kama ndimu) na besi (kinyume chake, kama sabuni).

Ukitaka kuwaonyesha watoto, anza siku moja kabla. Koroga kijiko cha manjano ya unga kwenye spiriti ya duka la dawa, mbali na moto, chuja, chovya vipande vya karatasi nyeupe, anika kivulini. Karatasi hii hukamata besi tu. Kwenye asidi na kwenye maji matupu hubaki njano. Kwa hiyo chemsha pia choya (rosela) kavu, utumie maji yake. Wekundu wake hukolea kwenye ndimu, na ukitia magadi unachujuka hadi kijani cha tope.

Vyombo viwe vya glasi au plastiki. Sufuria ya alumini huliwa na ukwaju, na maji ya majivu nayo huila.

Kisha pima maji yenyewe kwanza. Hili ndilo husahaulika. Visima vingi vya huku pwani vimekata mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile linalochomwa kupata chokaa, kwa hiyo maji huegemea kwenye besi kabla hujatia kitu. Ya mvua ni afadhali, ingawa nayo yana uasidi kidogo.

Kuonja kuishie kwenye chakula: ndimu, ambayo pH yake (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake besi) ni 2 hivi, mtindi, bibo. (Ukakasi wa bibo unaokausha ulimi, lakini, ni wa tanini, usiuhesabie asidi.) Maji ya chokaa hufika pH 12, na besi kali ina hila: haichomi papo hapo kama asidi, inateleza. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni. Jicho halisubiri, basi weka ndoo ya maji safi karibu.

Jiki usiilete mezani kabisa. Ikikutana na ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na jikoni kwetu madirisha ni madogo.

Na ganda bichi la korosho liache nje. Asidi yake ni dhaifu, lakini tazama vidole vya anayebangua kwa mkono: vimebambuka.