Mbwa mkubwa anayekurukia ukifungua geti

Wenye German Shepherd wa mwaka mmoja hivi anayekurukia kila ukifungua geti, msimpige jamani na wala msimsukume kwa mikono, kwake huo ni mchezo na wewe umeshaingia. Mpe mgongo, nyamaza, usimwangalie, subiri miguu yote minne iguse chini ndo umsemeshe na umpe kipande cha ini la kuchemsha. Siku za kwanza anaweza hata kuzidisha kabla hajaacha, hapo ndo wengi wanakata tamaa. Na nyumba nzima ifanye hivyohivyo, maana watoto wakicheka na kukimbia anajua kuruka kunalipa.

Halafu kumfungia bandani kutwa nzima ni kumuonea kwa kweli, hawa walizalishwa Ujerumani kwa ajili ya kuchunga kondoo, mwili na akili vinataka kazi. Mtoe asubuhi jua halijawa kali, nusu saa tu, muache anusenuse anavyotaka, kunusa kunamtuliza sana. Chakula nacho usimmwagie tu, mwambie "kaa", akikaa unashusha bakuli, akinyanyuka unalipandisha, anaelewa haraka mno.