Kupokea vipimo vya chumba baridi kwenye Raspberry Pi bila kuanika nywila

Vyumba baridi vya samaki ninavyovihudumia viko Deep Sea hapa Tanga. Mimi nakaa Ngamiani. Siwezi kupanda bodaboda kila saa kwenda kutazama kipimajoto, kwa hiyo vipimo vinanifuata kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi kupitia seva: kihisi kinatuma kwenye seva, Raspberry Pi (kompyuta ndogo) ya mezani kwangu inapokea. Naeleza upande wa kupokea tu.

Kusakinisha ni kazi nyepesi:

sudo apt update
sudo apt install mosquitto-clients

Kazi iko kwenye nywila. Mafundi wengi huiandika palepale kwenye amri, baada ya -P. Inakubali, ndiyo, lakini inabaki kwenye historia ya bash (orodha ya amri ulizoandika), na yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo akiandika ps aux, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, huenda akaisoma. Iweke kwenye faili ambalo mosquitto_sub, programu ya kupokea uliyosakinisha, hulisoma yenyewe:

mkdir -p ~/.config
nano ~/.config/mosquitto_sub

Ndani yake, kila mstari chaguo moja:

-h seva.example.com
-p 8883
-u jina-lako
-P nywila-yako
--cafile /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt

Lifunge asilisome mwingine:

chmod 600 ~/.config/mosquitto_sub

Poti 8883 ndiyo ya TLS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Ile 1883 kwa kawaida haisimbi kitu, nywila hupita uchi. Mimi siigusi nje ya mtandao wa ndani.

Sasa jaribu:

mosquitto_sub -t 'baridi/#' -v

Ukiona mstari kama baridi/chumba2 -18.4, umefika. Ukiambiwa "not authorised", kagua jina na nywila, herufi kubwa na ndogo, kisha muulize msimamizi wa seva kama umeruhusiwa kusoma mada hiyo (jina linalofuata -t).

Kinachosumbua zaidi huku kwetu ni saa. Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika usiku, ukirudi Pi inawaka kabla ya ruta kupata intaneti, tarehe iko nyuma, na cheti halali cha seva, kinachothibitisha kuwa ni yenyewe, kinakataliwa. Andika timedatectl, kama haisemi "System clock synchronized: yes", subiri, usiguse kitu kingine. Kuna watakaokushauri uongeze --insecure. Hiyo huacha kuhakiki jina la seva tu, tarehe hairekebishi ng'o, na unabaki umejifungulia mlango bure.

Ili usikose vipimo mtandao ukipotea, ongeza kwenye faili mistari hii:

-i ngamiani-ofisi
-c
-q 1

Seva itakuwekea ujumbe hadi urudi, mradi kihisi nacho kinatuma kwa kiwango cha 1, kama hiyo -q 1. Hilo jina la -i liwe la mashine moja tu. Ukinakili faili kwenda kompyuta ya pili bila kulibadili, zitafukuzana kwenye seva bila kukoma, kila moja ikiingia inaitoa mwenzake.